Kompyuta Tunazonunua na Stoo Tunazozijaza

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa vitengo vya usimamizi wa ununuzi, maafisa TEHAMA, maboharia na wenzangu wote mnaoshughulika na zabuni za Serikali, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa kompyuta na vifaa vya ofisi unaozingatia mazingira, na naomba mniruhusu nianzie mahali ambapo mazungumzo ya ununuzi huwa hayafiki, yaani stoo.

Katika kila ofisi niliyopata kuitumikia kulikuwa na chumba kimoja ambacho hakuna aliyekuwa na hakika ufunguo wake anao nani. Ukifanikiwa kukifungua, unakutana na skrini za chogo zimepangwa hadi karibu na dari, kompyuta za mezani zilizovuliwa mbavu ili kuchomoa kipuri kimoja, printa zenye namba za mali zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kwenye kona UPS, vile vifaa vya kushikilia umeme unapokatika, ambazo betri zake zimevimba na kuvujisha asidi hadi sakafu ya saruji imegeuka unga mweupe. Mwaka mmoja, wakati wa kuhesabu mali, nilikaa na boharia wetu siku nzima tukikagua printa moja moja. Zilikuwa 17, na 11 kati yake hazikuwa na ubovu wowote. Ziliwekwa pale kwa sababu tona yake, yaani kasha la unga wa wino, ilikuwa imeadimika, au ilikuwa na bei ambayo hakuna mkuu wa idara aliyekuwa tayari kuisainia mara ya pili. Yule mzee akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mheshimiwa, mimi hizi nilizipokea zikiwa mpya. Nani alizichagua?"

Nilizichagua mimi. Kwa usahihi zaidi, tulizichagua sisi tuliojaza fomu ya mahitaji, tukaandaa nyaraka za zabuni na kuipa ushindi bei iliyokuwa chini kuliko zote. Ndiyo maana nasema kwamba stoo ya vifaa vibovu hujazwa na ukurasa wa vigezo vya kiufundi, miaka minne au mitano kabla boharia hajapokea mzigo. Suala la mazingira katika vifaa vya ofisi lina sehemu nyingi, lakini sehemu iliyo mikononi mwetu ni ule ukurasa, na leo sikusudii kutoka nje yake.

Tutazame kwanza kilichomo ndani ya chumba kile. Skrini moja ya chogo inaweza kuwa na kilo moja hadi mbili za madini ya risasi ndani ya kioo chake. Betri ya UPS ni risasi na asidi. Skrini bapa za kizazi cha kwanza, zile zilizokuja kabla ya taa za LED, zina mirija myembamba yenye zebaki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kwamba kiasi kilichothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa hakikufika robo yake. Barani Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia moja. Sisi Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, unaokataza taka za sumu kuingizwa Afrika kutoka nje, na ni haki kabisa kulinda bandari zetu. Lakini kontena la kompyuta dhaifu zilizoagizwa kwa zabuni halali huingia likiwa na nyaraka zote za forodha, vifaa vikiwa bado kwenye maboksi yake, na baada ya miaka mitatu vinakuwa taka ile ile. Hakuna mkataba wa kimataifa unaotukinga na mahitaji tuliyoyaandika wenyewe.

Kuhusu vinakoishia, nitasema niliyoyaona. Ofisi moja niliyoitumikia ilipata kibali cha kufuta vifaa vyake chakavu, ikaviuza kwa mnada kama loti moja. Aliyeshinda alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu mwenye bidii na familia ya kulisha, ambaye hakuhitaji kompyuta bali shaba na aluminiamu iliyokuwamo. Wiki iliyofuata nilipita karibu na uwanja wake. Vijana wawili walikuwa wanachoma nyaya ili plastiki iishe ibaki shaba, moshi mweusi unaelekea kwenye nyumba za jirani, na vioo vya skrini vilikuwa vimepondwa na kutupwa kando ya mfereji kwa sababu kioo hakina mnunuzi. Kibandiko chenye namba ya mali ya ofisi yetu kilikuwa bado kinasomeka kwenye kasha moja. Sheria ilikuwa imefuatwa, fedha ya mnada ilikuwa imeingia, na faili lilikuwa limefungwa. Sijui diski za zile kompyuta zilikwenda wapi, na kwa kuwa baadhi zilitoka kwenye kitengo cha mishahara, ni jambo ambalo hadi leo linanikosesha raha.

Sasa nirudi kwenye bei, kwa maana hapo ndipo wengi wenu mtakapouliza kama mazingira ni anasa ya nchi tajiri. Tuseme idara moja inachapa kurasa 30,000 kwa mwaka. Mzabuni wa kwanza analeta printa ya shilingi 450,000, na tona yake ya shilingi 180,000 inatoa kurasa 1,500. Wa pili analeta printa ya shilingi 1,100,000, na tona yake ya shilingi 300,000 inatoa kurasa 6,000. Tukishindanisha bei ya printa peke yake, wa pili hana hata haja ya kuja kwenye ufunguzi wa zabuni. Lakini ile ya kwanza itakula tona 20 kwa mwaka, yaani shilingi 3,600,000, na ile ya pili itakula tona 5, yaani shilingi 1,500,000. Nafuu tuliyoipata wakati wa kununua inamalizika kabla ya mwezi wa nne kwisha, na kila mwaka tunatupa makasha 20 ya plastiki yenye masalia ya unga badala ya matano. Nyongeza moja ndogo: printa nyingi za bei ya chini huja na tona ya kuanzia ambayo haijajazwa kikamilifu, kwa hiyo idara huanza kulalamika mapema zaidi kuliko hesabu hii inavyoonyesha.

Kwa nini basi tunaendelea kununua ile ya kwanza? Si kwa sababu hatujui kuzidisha. Ni kwa sababu printa hununuliwa kwa kasma moja, yaani fungu moja la bajeti, tona kwa kasma nyingine, umeme wa LUKU kwa kasma ya tatu, na kufuta mali hakuna kasma kabisa. Anayesifiwa kwa kuokoa fedha kwenye kasma ya kwanza si yeye atakayebanwa kwenye ya pili. Jambo hili haliondoki kwa hotuba. Linaondoka pale ambapo nyaraka za zabuni zinamtaka mzabuni aandike bei ya kifaa, bei ya tona au betri kwa idadi ya kurasa au miaka tuliyoitaja, na matumizi ya umeme, kisha tathmini ikafanywa kwa jumla yake. Umoja wa Ulaya uliweka njia hii wazi katika maelekezo yake ya ununuzi wa umma ya mwaka 2014, ambayo yanaruhusu zabuni kupimwa kwa gharama ya maisha yote ya kifaa. Kwetu hakuna haja ya kuita jina kubwa: ni hesabu ambayo mwenye daladala huifanya kabla ya kununua gari, anapouliza linakula mafuta kiasi gani na vipuri vyake vinapatikana wapi.

Katika umeme tuna mfano ambao haupungui ladha kwa uzee wake. Mwaka 1992 Wakala wa Mazingira wa Marekani ulianzisha alama iitwayo Energy Star kwa ajili ya kompyuta na skrini zinazoweza kusinzia zenyewe zisipotumika, na kushuka hadi wati 30 au chini yake. Alama ilikuwa ya hiari, na mtengenezaji angeweza kuipuuza. Mwezi Aprili mwaka 1993 Rais Bill Clinton akatia saini agizo kwamba idara za serikali kuu zinunue kompyuta, skrini na printa zenye alama hiyo. Serikali ile ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa kompyuta duniani, na hakuna kiwanda kilichotaka kufungua mistari miwili ya uzalishaji, mmoja wa serikali na mwingine wa watu wengine. Matokeo yake, uwezo wa kusinzia ukawa jambo la kawaida hata kwenye kompyuta zilizouzwa mbali na Washington. Mwaka 2001 Rais George W. Bush naye akaagiza kwamba vifaa vya ofisi vinavyonunuliwa na serikali visitumie zaidi ya wati moja vikiwa vimesubirishwa, yaani viko kwenye umeme lakini havitumiki, pale ambapo vifaa vya namna hiyo vinapatikana. Marais wawili wa vyama vinavyopingana, na wote wawili walitumia kalamu ya mnunuzi.

Mtaniambia kwamba sisi si Marekani. Ni kweli, na kwa sababu hiyo napenda zaidi kisa cha mwaka 2012, ambacho mhusika wake ni manispaa tu. Mwezi Julai mwaka huo kampuni ya Apple iliondoa bidhaa zake kwenye EPEAT, rejista inayoorodhesha kompyuta zilizotimiza vigezo vya mazingira, vikiwamo urahisi wa kuzifungua na kuzirejeleza. Jiji la San Francisco, ambalo kanuni zake zilitaka kompyuta zinazonunuliwa na idara zake ziwe kwenye rejista hiyo, likatangaza kwamba halitanunua tena kompyuta za kampuni hiyo. Idadi zilizokuwa zikinunuliwa na jiji hilo ilikuwa tone katika mauzo ya kampuni yote. Hata hivyo, siku chache baadaye kampuni ilitoa barua ya wazi ikikiri kwamba kujitoa lilikuwa kosa, na bidhaa zikarudishwa. Kilicholipa jiji nguvu hakikuwa wingi wa fedha; kilikuwa kigezo kilichoandikwa mapema, ambacho afisa ununuzi aliweza kukionyesha kwa kidole bila kumwomba mtu ruhusa.

Halmashauri inayonunua kompyuta mpakato sita haina sauti, hilo halina ubishi. Lakini halmashauri hizo hizo hununua kupitia mikataba maalumu ya Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, na zabuni zote sasa zinapita katika mfumo mmoja wa ununuzi wa kielektroniki, NeST. Vigezo vikiandikwa mara moja na vizuri kwenye mkataba maalumu, sita za Lushoto na sita za Nachingwea zinageuka maelfu, na muuzaji atakayetaka kuingia katika mkataba huo atayapeleka maswali yetu kiwandani badala ya sisi kuyapokea majibu ya kiwanda.

Tuandike nini basi? Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ndipo tunapokosea kwa nia njema. Kuna ofisi zinazoandika sharti kwamba "vifaa viwe rafiki kwa mazingira" na kuishia hapo. Sentensi hiyo haipimiki, kila mzabuni ataijibu "ndiyo", na kamati ya tathmini haitakuwa na pa kushikia. Kinachopimika ni mambo madogo ya mikono: betri iweze kubadilishwa na fundi kwa bisibisi ya kawaida bila kuvunja kasha, kumbukumbu (RAM) na diski visiwe vimechomelewa kwenye bodi, ili viweze kuongezwa, vipuri vipatikane nchini kwa miaka mitano baada ya kupokea, waranti iwe miaka mitatu na itolewe hapa, si kwa kusafirisha kifaa nje, mtengenezaji aeleze ataendelea kuleta masasisho ya programu hadi lini. Kigezo cha umeme kirejee alama inayotambulika kama Energy Star, EPEAT au TCO, ile iliyozaliwa mwaka 1992 kutoka kwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini nchini Sweden waliochoka kuumwa macho mbele ya skrini, na kila mara tuongeze maneno "au ushahidi unaolingana nayo", kwa maana ushindani hauruhusu kumfungia mlango mwenye bidhaa bora isiyo na alama hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo watetezi wa mazingira huwa hawaioni. Sheria yetu imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tukidai kwamba mzabuni mwenyewe awe na cheti cha kimataifa cha mazingira, tumewafukuza wote hao na kuwaachia kazi wauzaji wakubwa watatu. Cheti kinachohitajika ni cha kifaa, na kimeshalipiwa na mtengenezaji. Rejista zake ziko wazi, na afisa ununuzi anaweza kuingiza jina la modeli na kuhakiki kabla chai yake haijapoa. Kikundi cha vijana chenye duka Kariakoo kinaweza kuuza kompyuta yenye alama hiyo sawasawa na kampuni kubwa ya katikati ya jiji, mradi tu tuombe ushahidi wa kitu na si wa mtu.

Jambo la umri wa kifaa lina uzito kuliko yote, ingawa halina alama ya kubandika. Kwa kompyuta mpakato ya kawaida, sehemu kubwa ya hewa ukaa inayohusishwa nayo hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla haijawashwa hata mara moja. Kadiri umeme wetu unavyozidi kutoka kwenye maji, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, ndivyo mizani inavyozidi kuelemea upande wa kiwanda. Kwa hiyo kwetu sisi kompyuta inayodumu miaka saba inashinda ile inayookoa wati chache na kufa baada ya mitatu. Sisemi umeme tuupuuze. Kompyuta ya mezani na skrini yake ikila wati 100, na mpakato ikala 25, tofauti kwa saa nane za kazi na siku 250 ni uniti 150 kwa mwaka kwa kila meza, na tena mpakato ina betri yake ndani, kwa hiyo ile UPS ya pembeni, yenye risasi na asidi, haihitajiki tena.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizokuwa nzima kabisa hazikukidhi masharti ya toleo linalofuata. Ofisi ambazo hazikuwahi kuuliza swali la masasisho zilishtuka kama watu waliopewa notisi ya nyumba. Kabla ya kuandika kwamba vifaa hivyo vyote ni chakavu, maafisa TEHAMA waulizwe ni vingapi vinaweza kuendelea kwa kuongezewa kumbukumbu na diski ya kisasa, ni vingapi vinaweza kuhamishiwa kwenye mfumo huria kama Linux kwa kazi za barua na mifumo ya mtandaoni, na ni vipi hasa vimekwisha. Jibu likichelewa hadi wiki ya mwisho ya Juni, wakati kila idara inakimbizana kumaliza fungu lake kabla ya tarehe 30, nyote mnajua litakavyokuwa.

Karatasi nitaipita haraka: printa ziagizwe zenye uwezo wa kuchapa pande mbili, na fundi anayezifunga aziweke hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna mtumiaji atakayeingia kwenye mipangilio kuibadilisha. Zile kurasa 30,000 ni rimu 60 zikichapwa upande mmoja.

Nimalizie na yule boharia na ufunguo wake. Tangu mwaka 2021 tuna kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na vya kielektroniki chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na chombo cha Taifa cha usimamizi wa mazingira ndicho kinachosimamia wanaoruhusiwa kukusanya na kuchakata taka hizo. Kwa hiyo kifungu cha mwisho wa maisha ya kifaa kinaweza kuandikwa ndani ya mkataba siku ile ile ya kununua: mzabuni atapokea makasha ya tona matupu kila anapoleta mapya, betri za UPS zitabadilishwa na zile kuukuu zitaondoka naye kwa hati ya kukabidhiana, kwenda kwa mkusanyaji mwenye kibali, na kifaa kitakapofutwa, diski itafutwa au kupondwa mbele ya mkaguzi wa ndani kabla kasha halijatoka getini. Mzabuni ataweka gharama hiyo kwenye bei yake, na afadhali tuione hapo, ikiwa shilingi kadhaa kwenye jedwali la bei, kuliko kuiona kando ya mfereji.

Nimekuja na nakala za ukurasa mmoja wa vigezo kwa ajili ya kompyuta mpakato na mwingine kwa ajili ya printa, zimewekwa kwenye meza karibu na mlango. Haujakamilika, na wataalamu wa TEHAMA waliomo humu watauchana vipande, jambo ambalo nalitarajia. Ombi langu ni kwamba muuchane kabla idara tumizi hazijawasilisha mahitaji ya mwaka ujao wa fedha, na kwenye kikao cha kuuchana mumwite na boharia. Asanteni.